Herufi Nene za Marehemu

Mama yangu alihama Ukerewe na mawe. Naanza na hilo, mnivumilie, kompyuta nitazifikia. Baba alikuwa amepata kibarua cha kupakia pamba huku Mwanza, na baba alikuwa mtu wa kusafiri mwepesi. Alisema tubebe vyungu, mikeka, majembe na kuku, vingine tutavikuta mbele. Mama alibeba vyote hivyo, na chini ya mikeka akaficha mafiga yake matatu, meusi tii kwa masizi. Baba aliyagundua gatini, pale mzigo ulipomshinda kuinua. Akamuuliza kama yuko mwanamke mwingine chini ya jua anayepeleka mawe Mwanza. Mnaijua Mwanza ilivyo. Mji mzima umekaa juu ya majabali, watu wanajenga huko juu mpaka unajiuliza kitanda walikipitisha wapi. Abiria walicheka tangu tunang'oa nanga mpaka tunafika. Mama alikuwa anatazama maji tu.

Tulipofika, baba akataka kumkomesha. Akaokota mawe matatu nyuma ya nyumba, akampangia jikoni kwa mkono wake. Chungu kikakaa upande, mchuzi wa sato ukamwagikia motoni, tukalala na ugali mkavu. Kesho yake mafiga ya mama yalikuwa mahali pake na baba alikula akashiba. Mimi nilikuwa mtoto wa kuulizauliza, nikamuuliza mama kwa nini alijitesa. Alisema alishazoea chungu chake kinavyokaa, hakutaka kuanza kujifunza upya ugenini. Basi. Wala hakulifanya kuwa jambo kubwa.

Jambo hilo lilinirudia nikiwa mtu mzima mwenye mvi, nimekaa Mabatini katika karakana ya kompyuta, na mzee mmoja wa Kijita amefunika skrini kwa kofia yake. Nitaeleza. Vijana wa karakana mmeniomba niandike kabla sijasahau, na mkanisihi nisizunguke sana. La kwanza nimelikubali.

Shule niliishia darasa la nne. Nilishona nyavu, nikauza maji, nikalinda godauni, na kazi ya kompyuta niliingia kwa mlango wa ufagio. Mwenye karakana alikuwa Mama Devota, mwanamke wa Kihaya wa kutoka kule Kamachumu, mdogo kwangu kwa umri lakini nilimwita Mwalimu na sikuwahi kuona aibu. Aliniajiri kufagia na kulinda. Siku ya kwanza nikiwa nafagia chini ya meza yake, alinipa tochi nimmulikie ndani ya mashine iliyoletwa kutoka Ilemela, ufukweni. Nilipochungulia nikacheka. Ndani mlikuwa mmejaa wale wadudu wa ziwani, wanaotanda juu ya maji kama moshi na kuingia kila penye taa. Walikuwa wamekauka humo tabaka kwa tabaka, mashine inanuka kama gunia la dagaa. Mama Devota akaniambia, "Mzee Mafuru, usicheke, leta pampu." Pampu yenyewe ilikuwa ya baiskeli. Nikapuliza, wadudu wakatoka kama pumba, mashine ikawaka. Mpaka leo sijaona chombo kinachoishinda ile pampu, ingawa ninyi mna kipulizio cha umeme kinachopiga kelele kama mashine ya kusaga.

Tangu siku hiyo nikawa mshika tochi, halafu mshika bisibisi, halafu nikawa naachiwa mashine nyepesi peke yangu. Kusoma kwangu kulikuwa kwa kuburuta kidole, lakini maneno ya kompyuta yanajirudia mno, ukiyajua machache unaishi. Kilichonikalia kichwani kuliko vyote kilikuwa barua pepe. Nilishindwa kuelewa zinakaa wapi. Ukifungua mashine unakuta mabati, nyaya na wadudu. Barua iko wapi hapo?

Mama Devota alinieleza tukiwa tunakunywa chai, na maelezo yake sijayabadilisha. Kuna watu, alisema, barua zao zinakaa mbali, kwenye mashine kubwa za watu wengine, wao wanachungulia tu na kuondoka. Hao kompyuta ikifa hawapotezi barua. Na kuna watu wanaozishusha barua zote zikae ndani ya kompyuta yao wenyewe, na huko zilikotoka zinafutwa. Wakati ule intaneti ilikuwa inakwenda kwa kukohoa, kwa hiyo wafanyabiashara wengi wa huku kwetu walikuwa wa kundi la pili. Unashusha asubuhi, unasoma mchana kutwa bila intaneti. Wanazo zote nyumbani. Diski ya kompyuta ikifa, nazo zimekufa.

Basi kazi yetu kubwa ikawa bakapu, yaani kunakili barua za watu na kuziweka pengine. Hapo nilijifunza mengi. Kwanza, folda ya barua imefichwa. Waliotengeneza waliificha makusudi ili usiifute kwa bahati mbaya, na matokeo yake huioni hata unapoitafuta. Muuza nguo mmoja wa Buhongwa alituletea flashi, akasema barua zake zote zimo humo, tumfutie mashine tumpangie upya. Mama Devota akafungua ile flashi kabla ya kugusa chochote. Mlikuwa na kile kipicha tu cha bahasha anachokibonyeza kufungulia programu. Alikuwa amebeba kibao cha duka, duka lenyewe akaliacha. Mkumbuke hilo, kwa sababu bado mnaletewa.

Pili, funga programu ndipo unakili. Ukinakili ikiwa wazi ni kama kupima samaki anayerukaruka, utapata jibu lakini si la kweli. Tatu, ukimaliza, fungua ile nakala kwenye mashine nyingine uione kwa macho. Yote hayo ni ya Mama Devota.

Jambo moja tu hatukuwa tunasikilizana, nalo ni setingi. Setingi ni namna mtu alivyojipangia: barua mpya ikae juu au chini, za nani ziende folda gani, sahihi yake, majina yanayojileta yenyewe ukiandika herufi ya kwanza. Nazo zina faili lake, pembeni ya barua. Mama Devota alikuwa anasema setingi ni kitu cha mwisho, ukiwahi unazichukua, usipowahi mteja atajipangia upya, hatakufa. Mimi nilikuwa napenda zichukuliwe, lakini sikuwa na sababu ya kumwambia. Ningemwambia nini, kwamba mama yangu alibeba mawe?

Sasa ndiyo nafika kwa Mzee Bwire.

Alikuja mchana amekumbatia kompyuta kifuani, imefungwa kwa shuka, kofia ya kitambaa kichwani na jasho linamtoka. Nikampa shikamoo na kiti. Hakuiweka chini. Akauliza kwanza kama humu ndani kuna mtu yeyote wa ukoo wao. Mama Devota akamwambia hapa kuna Mhaya na Mkerewe, achague mwenyewe wa kumwogopa. Hapo akatabasamu kidogo na kuiweka mezani.

Mashine haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake, aliyekuwa anauza vipuri vya mashine za boti pale Buhongwa, na mdogo huyo walikuwa wamemzika majuzi kwao Majita. Mnajua mambo ya msiba yanavyokwenda. Ukoo ulikaa siku ya pili ya maziko ukasema hakuna kitu cha marehemu kitakachofunguliwa mpaka siku ya kuanua matanga, wote wakiwepo. Sanduku lisifunguliwe, kabati lisifunguliwe. Kijana mmoja akasema na kompyuta je, maana biashara yote ya marehemu ilikuwa kwenye barua pepe, nani anamdai nani, mzigo gani uko njiani. Wakakubaliana na kompyuta pia. Na kwa kuwa palikuwa na maneno ya chini kwa chini kati ya mjane na mashemeji, walimteua Mzee Bwire, kaka mkubwa, awe mlinzi. Akahamia Buhongwa na kulala chumba kimoja na mashine.

Nikamuuliza watajuaje kama haikufunguliwa. Akasema binti wa marehemu, anayefanya kazi ofisini hapa mjini, aliwaeleza wazee kwamba barua isiyosomwa imeandikwa kwa herufi nene, na ikishasomwa herufi zinakonda. Akaiwasha mbele yao wote, akaipiga picha ile orodha kwa simu, herufi nene zote zikaonekana. Siku ya matanga watalinganisha.

"Sasa imeanza kulia," alisema Mzee Bwire. "Inagonga ndani kama mtu anayebisha hodi. Ikifa mikononi mwangu watasema nimeiua. Nikiifungua watasema nimesoma. Mimi nataka barua zake zihamie kwenye mashine nyingine, zote, na zile nene zibaki nene. Jina langu liko humo ndani pamoja nazo."

Mama Devota alitega sikio kwenye mashine na uso wake ukabadilika. Diski ilikuwa inagonga kweli. Akaniambia nilete ile mashine nyingine ya rafuni, akaitoa diski ya marehemu, akaiunga kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Tukafichua folda. Akaanza na barua, kama baba yangu angeanza, na kusema kweli kama fundi yeyote angeanza. Zilikuwa zinatiririka polepole, diski inagonga, Mzee Bwire amesimama nyuma yetu anahema. Hakutaka kukaa. Alituuliza kila kitu: kama barua inapohama inasikia, kama inaweza kuvunjika njiani, kama inayonakiliwa ni yenyewe au ni pacha wake. Nilimpenda kwa maswali hayo, maana ndiyo yale yale niliyomchosha nayo Mwalimu miaka yote. Mama Devota alisema ni pacha, ila anafanana hata kovu. Mzee akasema pacha si mtu yule yule, lakini wazee wa Majita watamkubali.

Barua zikaisha zote, salama. Mama Devota akageukia faili la setingi. Diski ikagonga mara ya mwisho, ikanyamaza. Haikuamka tena. Mama Devota akasema, "Tumewahi. Iliyobaki ni mapambo." Mzee Bwire akakaa sasa, akavua kofia, akaomba maji ya kunywa.

Tukaziweka barua kwenye mashine mpya. Mama Devota akafungua programu ili zionekane kwa macho, kama ilivyo kanuni yetu. Orodha ikajitokeza, na zile za juu zote nene, nyeusi, kama zilivyotoka kwa marehemu. Mzee akaegemea mbele, akazifuata kwa kidole bila kugusa kioo. Akacheka kicheko kidogo cha mtu aliyetua mzigo. Akasema kama mdogo wake angekuwepo angetuletea samaki.

Nataka muelewe kilichofuata, maana ni cha kifundi. Programu ile, ikiwa mpya na haijapangwa, hugawa dirisha. Juu orodha, chini barua ya kwanza inajifungua yenyewe bila kuombwa, ili kukurahisishia. Marehemu alikuwa ameizima tabia hiyo kwake. Sijui kwa nini, labda hakupenda wateja dukani wamsomee. Kuizima kwake kulikuwa kwenye zile setingi, na setingi zilikuwa zimebaki kwenye diski iliyokufa.

Kwa hiyo sehemu ya chini ikafunguka, barua ya kwanza ikajianika. Nilikuwa nimeshaburuta kidole mstari mmoja kabla sijajua ninachofanya. Ilikuwa ya mteja wa Ukara anauliza kama pangaboi yake, ile feni ya kusukumia boti majini, imeshafika. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Na huko juu, taratibu, herufi nene za mstari wa kwanza zikakonda.

Mzee Bwire akaruka na kuifunika skrini kwa kofia. Uso ameugeuzia ukutani. Akauliza imefanya nini, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshuhudia mtoto akianguka.

Mama Devota hakuwa mtu wa kuchanganyikiwa. Akamwambia atulie, hilo linarekebishika. Akaondoa kofia kwa adabu, akalifunga lile dirisha la chini, akaweka kipanya juu ya ule mstari, akabonyeza upande wa kulia, akachagua neno la kuifanya haijasomwa. Herufi zikanenepa.

"Tayari, mzee. Imerudi kama ilivyokuwa."

Mzee akageuka. Akautazama ule mstari. Nilidhani atashukuru. Akamwomba Mama Devota arudie. Akarudia: nyembamba, nene. Akaomba tena. Nyembamba, nene.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuzisoma zote," akasema, "halafu akazirudisha."

"Anaweza," Mama Devota akasema.

"Na haiachi alama."

"Kwa kutazama tu, haiachi."

Akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa mzee mwenzake. Akaniuliza, "Binti wa marehemu anafanya kazi ofisini. Hili analijua?"

Ningeweza kusema sijui. Nilisema atakuwa analijua, mzee, ni jambo la kila siku kwao.

"Basi ile picha aliyopiga ilikuwa ya nini?"

Mama Devota akaanza kukunja waya. Nje mtu alikuwa anagongelea bati. Nilikuwa nawaza vitu viwili pamoja, na vyote nitavisema. Cha kwanza nilishangaa namna kitu kidogo vile, kubonyeza upande wa kulia, kinavyoweza kugeuza kazi yote ya mtu. Alikuwa amelala chumba kimoja na mashine, akaacha mihogo yake Majita bila mwangalizi, akala kwa mjane asiyemsemesha, ili siku moja aonyeshe herufi nene na watu waseme Bwire ni mwaminifu. Na sasa zilikuwa nene kweli, na hazikuwa zinasema chochote. Cha pili niliwaza mafiga ya mama. Kama zile setingi zingetangulia, barua isingejifungua, asingeuliza, na angekwenda Majita na mashine yake kifua mbele.

Sijui ingekuwa bora. Nimejiuliza sana. Ukweli ungekuwa ule ule, ila asingeujua.

Tangu siku ile karakana yetu inachukua setingi kwanza, barua baadaye. Mama Devota ndiye aliyebadilisha kanuni, na hakutoa maelezo. Mnanung'unika kwamba ni utaratibu wa kizee, kwamba siku hizi barua zote zinakaa mbali, nani bado anazishusha. Wapo. Nendeni maofisi ya ufukweni mtaona. Na mtu anapokuletea mashine usimuulize tu ana nini humo ndani. Muulize alivyojipangia, na kwa nini.

Nimeruka. Nimalizie na ile mashine kabla sijamalizia na mzee. Aliyekuja kuichukua ni binti mwenyewe, siku chache kabla ya matanga, amevaa nguo za kazini na kitambaa cheusi mkononi. Akatuuliza baba mkubwa yuko wapi. Sisi tulidhani yuko kwao Buhongwa. Wao walidhani bado anaisubiri mashine kwetu. Mama Devota akamweleza yote, la barua kujifungua na la kubonyeza kulia. Binti akakaa kwenye kile kile kiti. Akasema picha aliipiga ili wazee waache kelele, maana wangeweza kumkabidhi mashine baba mdogo mmoja ambaye yeye hakumtaka.

"Baba mkubwa hatukuwahi kumshuku," akasema. "Hata mama. Tulimchagua kwa jinsi alivyo yeye mwenyewe. Picha haikuwa kitu."

Nikatamani kungekuwa na namna ya kumfikishia mzee maneno hayo. Simu yake haikupatikana, na Majita alikuwa hajafika. Matanga waliyaanua bila yeye.

Yeye siku ile, baada ya kuuliza swali la picha, alikunja lile shuka alilofungia mashine. Alilikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaliweka juu ya meza. Akavaa kofia. Akamshukuru Mama Devota kwa maji. Mama Devota akamwambia, "Mzee, mashine yako umeiacha."

"Si yangu," akasema. Akatoka.

Nilimfuata mpaka mlangoni. Yanakopakia magari ya Buhongwa ni kulia. Yeye alivuka mtaro, akakata kushoto, kwenye ile njia nyembamba inayopanda katikati ya majabali na nyumba za watu. Mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo akampisha na kumsalimia, naye akamwitikia vizuri tu. Mikono alikuwa ameiachia, inaning'inia, mikono ya mtu ambaye kwa muda mrefu alikuwa amebeba kitu. Nikasubiri ageuke pale njia inapokata kona, ili nimpungie. Hakugeuka, na karakana yetu hakuikanyaga tena.